Kinasa cha Sita

Jumatatu asubuhi, mashine iliandika kwamba imesikia mnyama kwenye kinasa cha sita. Roza aliyasoma yale maandishi ya kijani mara mbili, kisha akavua hedifoni na kulitazama ziwa kupitia dirishani. Vinasa vilikuwa vitano. Siku vilipozamishwa alikuwemo kwenye mtumbwi, akaviona vyote vikishuka.

Ilikuwa Januari 1998, wakati wa zile mvua za Elinino. Ziwa lilikuwa limepanda mpaka kwenye mawe ya Igogo, mtaa wa Mwanza ulio kando ya maji, na magugu maji yalikuwa yameifunika ghuba yote, mgeni angedhani ni shamba. Chini ya magugu hayo walijaa viboko, mamba na fisi maji, na hakuna aliyejua ni wangapi. Ndiyo maana mradi ulikuja. Wazungu wawili walikodi nyumba iliyo kando ya maji, wakalaza waya mrefu kuelekea kilindini, na kwenye waya huo wakafunga vinasa sauti, vyuma vidogo kama vikombe, vinavyosikia chini ya maji. Kinasa cha kwanza kilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Cha tano kilikuwa mbali, kule ambako kivuko cha Kamanga hupita. Baada ya cha tano waya uliishia.

Wazungu waliporudi kwao waliiacha mashine mikononi mwa Bwana Ndalahwa, Msukuma mrefu aliyesomea wanyama ng'ambo. Yeye ndiye aliyekuwa amemwajiri Roza, kabla vinasa havijazamishwa. Roza alikuwa opereta wa simu kwenye ushirika wa pamba mpaka ushirika ulipopunguza watu, na miaka tisa ya kuunganisha simu ilikuwa imempa masikio yasiyosahau sauti ya mtu.

"Hii si kompyuta ya kuchapia barua," Ndalahwa alimwambia siku ya kwanza. "Hii ina akili yake, akili ya kutengenezwa. Unaifundisha kama mtoto. Ikisikia kiboko unaiambia huyu ni kiboko, na jina lake ni fulani. Kesho ikimsikia tena inamtambua yenyewe."

"Na ikisikia asiyemjua?"

"Inalia mpaka umpe jina."

Ndivyo ilivyokuwa. Sauti ngeni ikisikika, mashine ilitoa mlio mwembamba, pii, pii, pii, na kwenye kioo yakatokea maneno NI NANI? Roza alisikiliza, akachapa jina, mashine ikaandika NIMEMJUA na kunyamaza. Majina ya kwanza aliyachukua kwa wasichana aliosoma nao, yalipokwisha akaingia kwa majirani. Mume wake, Otuoma, alicheka mpaka akakohoa aliposikia kwamba kuna kiboko dume anaitwa Nathaniel.

"Roza! Huyo si mzee wetu wa kanisa?"

"Wanakoroma sawasawa," Roza alisema.

Pamoja na vicheko hivyo, hakuipenda mashine. Simu ukichomoa waya inaacha kusikia. Hii ilisikia mchana na usiku, mvua na jua, haikuchoka wala haikuchagua, na kila ilichokisikia ilitaka kukijua.

Jumatatu hiyo Roza alikuwa amerudi kazini wiki tatu tu baada ya kujifungua, kwa sababu mradi haukuwa na likizo ya uzazi. Mtoto alikuwa kwenye kapu miguuni pake. Alikuwa mtoto wa kiume, wa kwanza, baada ya miaka saba ya ndoa na maneno mengi ya watu. Alikuwa bado hana jina. Kwa Wajaluo wa Shirati, kwa akina Otuoma, mtoto hupewa jina la mmoja wa marehemu wa ukoo, na marehemu mwenyewe ndiye anayeomba. Mtoto hulia bila kunyamaza, na mkubwa wa nyumba huyaita majina ya marehemu mmoja mmoja. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Aliyetakiwa kuyaita ni mama yake Otuoma, Mama Wilhelmina, lakini mvua zilikuwa zimekata madaraja ya njia ya Musoma na mabasi yalikuwa hayapiti. Kwa hiyo mtoto aliitwa Mtoto, na Roza aliitwa Mama Mtoto, na wote walingoja barabara.

Pii, pii, pii. KINASA CHA 6. NI NANI?

Roza akachapa Hellen. Mashine ikanyamaza kwa muda wa pumzi moja, halafu ikaanza tena. Haikuwahi kufanya hivyo. Akachapa Sabina. Akachapa Yeremia. Ilinyamaza, ikalia. Wakati huohuo mtoto naye akaanza kulia. Roza alimnyonyesha, akambadilisha nepi, akambeba mgongoni na kuzunguka naye chumbani, lakini hakunyamaza. Ilipofika saa tano Roza aligundua jambo lililomfanya asimame katikati ya chumba. Mashine ilipopumzika, mtoto alipumzika. Mashine ilipoanza, mtoto alianza.

Ndalahwa aliingia, viatu vimejaa tope.

"Kinasa cha sita?" Akacheka. "Mama Mtoto, huo usingizi wa uzazi haujakutoka." Akavaa hedifoni. Kicheko kikamtoka usoni taratibu, na mahali pake pakaja kitu kingine, kama njaa. "Huyu si kiboko. Si mamba wala fisi maji. Roza, huyu ni mnyama ambaye hajaandikwa kwenye kitabu chochote."

"Bosi, kinasa hicho hakipo."

"Waya umejikunja, sauti inarudi, sijui. Hiyo ni kazi ya fundi. Wewe unaelewa kwamba Jumamosi wanakuja wageni kuamua kama mradi unaendelea? Nikiwaonyesha huyu, hakuna atakayetugusa. Mpe jina."

"Nimempa thelathini."

"Mpe la thelathini na moja," alisema, akatoka kwenda kupiga simu.

Saa kumi Otuoma alikuja kumchukua mke wake, ametoka zamu kwenye kiwanda cha minofu, bado amevaa buti za mpira. Alimkuta Roza amekaa sakafuni, kanga imelowa machozi, mashine na mtoto wanalia kwa pamoja.

"Waite," Roza alisema. "Waite wa kwenu."

"Mimi? Hiyo ni kazi ya mama."

"Mama yuko Shirati na daraja limekatika. Huyu analia tangu saa mbili, Otuoma. Sauti inamwisha. Waite!"

Otuoma alikuwa amezaliwa Mwanza. Majina ya ukoo aliyajua kwa kuyasikia misibani, hili hapa na lile pale. Alipiga magoti mbele ya kapu, akaona haya, kisha akaanza. "Wewe ni Nyamita?" Mtoto alilia. "Wewe ni Ogola? Wewe ni Opiyo wa mlimani?" Alitaja ya wajomba, akataja hata ya watu ambao hakuwa na hakika kama walikufa. Majina yakamwishia. Likabaki moja, alilolisikia utotoni, usiku mmoja wazee walipodhani amelala.

"Wewe ni Odemba?"

Mtoto alinyamaza. Mashine ilinyamaza.

Palikuwa kimya kiasi kwamba walisikia matone yakianguka kutoka kwenye bati. Mtoto alikuwa amekodoa macho, kinywa bado kiko wazi. Roza alicheka na kulia, akamkumbatia mumewe pamoja na buti zake na harufu yake ya samaki. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, na kwa kuwa alitaka kimya kile kisivunjike, alinyoosha mkono akachapa ODEMBA.

NIMEMJUA, mashine iliandika.

Jumanne iliandika kwamba Odemba yupo kwenye kinasa cha tano. Roza hakujali. Mtoto alikuwa amelala usiku kucha. Alinyonya bila kelele, alibadilishwa bila kelele, na majirani walimpongeza Roza kwa kupata mtoto mpole.

Jumatano, Odemba alikuwa kwenye kinasa cha nne. Siku hiyo, wakati wa kumwogesha mtoto, Roza alikosea akammwagia maji ya baridi. Mtoto alikunja uso, akafumba macho, akaachama kinywa chake chote mpaka mikono ikatetemeka. Hakuna sauti iliyotoka. Roza alimtazama, beseni mkononi. Mtoto alikuwa analia, analia kwa nguvu zake zote, na kilio kilikuwa hakimo.

Alhamisi chumba cha mashine kilinuka. Haikuwa harufu ya samaki wala ya magugu yanayooza, ambayo watu wa Igogo walikuwa wameizoea, ila harufu ya mbao iliyokaa miaka mingi chini ya maji, na tope la baridi, na kamba. Hedifoni zilikuwa zimelowa ingawa hazikuwa karibu na dirisha. KINASA CHA 3. ODEMBA. Roza alizifuta kwa kanga akazivaa.

Kwanza alisikia kafi. Lilizama, likavuta, likatoka, na matone yakafuatia, lakini sauti yenyewe ilikuwa ya chini, kama vile anayepiga kafi yuko ndani ya maji pamoja na mtumbwi wake. Halafu alisikia kilio. Miaka tisa Roza alikuwa amejua watu kwa pumzi yao tu kabla hawajasema haloo, na alikijua kile kilio kabla hakijafika mwisho, kilivyoanza juu na kukatika katikati kwa kwikwi mbili. Alishusha macho taratibu mpaka kwenye kapu. Mtoto wake alikuwa amelala pale chali, amekodoa macho, kinywa wazi, kimya, na kila kilio kilichosikika masikioni mwa Roza kutoka kule majini, kifua cha mtoto kilipanda na kushuka kukifuata.

Mama Wilhelmina alifika nyumbani kwao jioni hiyo. Alikuwa amepanda lori la dagaa, akatembea kwa miguu palipokatika, miguu imevimba. Roza alipiga magoti.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Yuko wapi mume wangu mdogo? Mbona simsikii? Nyumba yenye mtoto mchanga husikika tangu barabarani."

Otuoma alitabasamu. "Mama, tulishamaliza. Alilia sana, nikaita. Amemkubali Odemba."

Yule mama aliweka mzigo wake chini. Hakuuangalia ulipoanguka.

"Nani alikupa jina hilo?"

"Nililisikia kwa wazee."

"Funga mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Funga na dirisha. Halafu usilitaje tena."

Akawasimulia huku amemshika mtoto kifuani, akinong'ona, mara kwa mara akitazama upande wa ziwa. Odemba alikuwa ndugu wa babu yake Otuoma. Alikuwa mvushaji, mwenye mtumbwi. Mwaka wa njaa alivusha watu usiku, kupita mkondo wenye viboko wakali, ambapo hata kukohoa ilikuwa hatari. Usiku mmoja ndani ya mtumbwi kulikuwa na mwanamke mwenye kichanga, na kichanga kikaanza kulia katikati ya mkondo. Mama alikiziba, alikinyonyesha, alikiimbia, kikalia tu. Odemba aliweka kafi chini, akakichukua kwa mkono mmoja, akakizamisha majini, akakishikilia huko mpaka mkono wake ukawa hausikii kitu.

"Waliofika ng'ambo walifika wazima," Mama Wilhelmina alisema. "Wengine walimshukuru. Lakini yeye tangu siku hiyo alikuwa anasikia mtoto analia majini. Akawa anamfuata na mtumbwi, kila siku, mpaka siku moja hakurudi. Hatukupata mwili. Tulizika tunda la mwegea mahali pake, kama tunavyofanya kwa aliyepotea, na tukakubaliana kwamba hakuna mtoto atakayeitwa yeye. Ndiyo maana hamkulijua. Hatukusahau kuwaambia."

"Lakini mtoto alinyamaza, Mama," Roza alisema. "Alipolisikia alinyamaza palepale."

"Alinyamaza kwa kuogopa, Roza. Hukuyaona macho yake?"

Roza aliyakumbuka macho.

"Tumpe jina jingine," Otuoma alisema. "Tumwite sasa hivi babu Oyugi, yaishe."

"Tutamwitaje? Mtoto hupewa jina akiwa analia. Huyu hana sauti ya kulia. Sauti yake iko kwa yule, na siku sauti itakapofika mlangoni pamoja na mwenyewe, atamchukua na kilichobaki."

Ijumaa asubuhi Roza alikwenda kazini na mtoto pamoja na mama mkwe wake, akafanya alilotamani kulifanya tangu Jumatatu. Alichomoa waya wa mashine ukutani. Kioo kilizimika. Ndani ya dakika tano, kana kwamba naye amechomolewa pamoja na sauti yake, midomo ya mtoto ilianza kubadilika rangi, ikawa kama ya mtu aliyekaa sana kwenye maji, na Mama Wilhelmina akawa anampulizia puani na kumsugua miguu. Ndalahwa aliingia akakuta kioo cheusi.

"Umefanya nini? Umefanya nini wewe mwanamke?"

"Bosi, mtoto wangu anakufa."

"Mpeleke hospitali! Mashine inahusika vipi?" Alikuwa tayari ameurudisha waya. "Unajua watu wangapi wanaitegemea hii kazi? Mimi nimeacha kila kitu kwa ajili ya haya maandishi." Kioo kikawaka. Ndalahwa akasoma, akapiga makofi kama mtoto. "Unaona? Kinasa cha pili. Anakuja mwenyewe! Kesho wageni watamkuta hapa mlangoni, na mimi nitamwona kwa macho yangu."

"Usiombe kumwona," Mama Wilhelmina alisema.

"Mama, shikamoo, samahani, lakini haya mambo yenu ya kizamani ndiyo yanayotuchelewesha. Mashine haina dini. Inasema inachokisikia."

"Hilo ndilo kosa lake," mama yule alijibu. "Inamsikiliza kila mtu."

Ndalahwa aliondoka kwenda uwanja wa ndege kuwapokea wageni wake, na kabla ya kuondoka alifunga swichi ya ukutani kwa utepe ili mtu asiiguse. Mtoto alipata rangi kidogo, si nyingi. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, Otuoma amewafuata baada ya zamu, mvua imeanza tena.

"Jina likishatolewa halirudi," Mama Wilhelmina alinong'ona. "Ningekuwa na mnyama, ningempa yeye alichukue, nikampeleke mbali. Hilo linawezekana. Jina linaweza kupewa mwingine."

Roza alikuwa anatazama kioo. Majina yalikuwa pale, tisini na matatu, kila moja na sauti yake, na yeye ndiye aliyeyatia yote. Mashine haikujua lolote ambalo hakuifundisha. Ilimjua Odemba kwa sababu aliiambia huyu ndiye Odemba, mmoja, peke yake.

"Wangapi, Mama?"

"Wangapi nini?"

"Linaweza kupewa wangapi?"

Hakungoja jibu. Alikaa kwenye kiti, akafungua jina la kwanza, Hellen, kiboko jike, akalifuta, akachapa ODEMBA. UNA HAKIKA? mashine iliuliza. Haikuwahi kumuuliza hivyo. NDIYO, alichapa. Akaenda kwa Sabina. Akaenda kwa Nathaniel. UNA HAKIKA? NDIYO. Nje, kati ya sauti za mvua, kafi lilianza kusikika bila hedifoni, likizama na kuvuta, na kwenye kona ya kioo kinasa cha pili kikazimika na kinasa cha kwanza kikawaka.

"Roza," Otuoma aliita kwa sauti ndogo kutoka mlangoni, alipokuwa ameegemeza mgongo wake. "Roza, maji yanaingia chini ya mlango."

Hakugeuka. Vidole vyake, vilivyozoea kuunganisha simu kumi kwa dakika, vilikimbia kwenye jina baada ya jina, na ile harufu ya mbao iliyooza ikajaa chumba mpaka ikawa ladha mdomoni, na taa ikafifia ikarudi, na nyuma yake akamsikia mama mkwe wake akisali kwa Kijaluo haraka haraka bila kupumua, na nje ya mlango akasikia mtumbwi ukikwaruza mawe, kisha mguu mmoja ukikanyaga, kisha mwingine, na karibu sana, upande wa pili wa ubao ule aliouegemea mume wake, kilio cha mtoto wake mwenyewe kikimwita. Jina la tisini na tatu likabadilika. Mlango ukasukumwa. Mashine bado ilikuwa inamtofautisha, ODEMBA, KINASA CHA 1, kwa sababu ya kafi, kwa sababu ya kile kilio, na Roza akaelewa kwamba wanyama hawatoshi, akaanza kuifundisha kila kitu ambacho vinasa vilikuwa vinakisikia jioni ile, mvua juu ya maji ni Odemba, injini ya kivuko ni Odemba, muziki wa baa ni Odemba, wanawake wanaosugua masufuria kwenye mawe ni Odemba, watoto wa Igogo wanaolia wakiogeshwa jioni, nyumba hadi nyumba, mpaka juu mlimani, wote Odemba, UNA HAKIKA, NDIYO, UNA HAKIKA, NDIYO, NDIYO, NDIYO.

Vinasa vyote vitano viliwaka kwa pamoja. Jina lile lilishuka kwenye kioo kama mvua, mstari juu ya mstari, haraka kuliko macho.

Nje, miguu ilisimama. Ilipiga hatua moja kulia, ikasita. Ikapiga moja kushoto. Kama mtu aliyeitwa kutoka pande zote za soko asijue ageukie wapi, ilizunguka pale mlangoni, ikazunguka tena, kisha ikarudi kuelekea majini, na sauti ya kafi ikaondoka, lakini haikuondoka upande mmoja.

Mtoto alilia.

Alilia kwa sauti iliyokauka, mbaya, tamu kuliko wimbo wowote. Mama Wilhelmina alimwinua juu, machozi yanamtiririka, akaanza kuita kama inavyotakiwa, jina moja moja, bila haraka, na mtoto alilia kwa Nyamita, akalia kwa Ogola, na alipofika "Wewe ni babu Oyugi?" mtoto alishusha pumzi ndefu, akageuza uso akitafuta titi la mama yake. Macho yake yalifumba. Alinyonya kwa kelele.

Ni baadaye tu, chai imeshanywewa, ndipo Mama Wilhelmina aliuliza, "Lile jina umempa nani?"

"Wote," Roza alisema.

"Wote nani?"

"Kila kilichosikika."

Mama yule aliweka kikombe chini, akafungua dirisha na kusikiliza nyumba za jirani.

Wageni wa Jumamosi walikuta mashine inayojua jina moja tu. Ndalahwa aliwaeleza, akawabembeleza, akapandisha sauti, na mwisho akakaa kwenye mawe na kujishika kichwa. Roza alifukuzwa siku hiyohiyo. Hakujuta. Aliondoka na kapu lake na Oyugi akiwa anapiga kelele humo ndani, na kila kelele aliipokea kama mshahara.

Jumanne ilikuwa siku ya kliniki, siku ya kupima watoto uzito. Roza alifika saa mbili na kadi mpya yenye jina, akapanga foleni nyuma ya wanawake kama arobaini wa Igogo. Wote walikuwa na furaha. Walikuwa wanasimuliana jinsi walivyolala usingizi siku zote hizo.

"Wangu hajalia tangu Ijumaa jioni," mmoja alisema. "Mpaka baba yake amenunua soda."

"Na wangu! Nilidhani ni dawa ya minyoo."

Muuguzi alimchukua mtoto wa kwanza, akamvua nguo, akamtia kwenye ile suruali ya kitambaa na kumning'iniza kwenye mzani. Mtoto alining'inia, miguu inacheza hewani. Alikuwa ameachama kinywa. Hakutoa sauti. Muuguzi akaandika, akamchukua wa pili, akamdunga sindano ya paja. Kimya. Wa tatu, wa nne. Roza alitembeza macho yake kwenye foleni, mgongo hadi mgongo, paja hadi paja. Watoto wote walikuwa macho, wamekodoa, vinywa wazi, na vifua vyao vidogo vilikuwa vinapanda na kushuka kwa pamoja.

Oyugi aliamka kwenye kanga yake na kupiga yowe lililojaza chumba kizima. Wanawake wote waligeuka. Muuguzi aliinua kichwa kutoka kwenye kadi zake, akatabasamu kwa huruma.

"Pole mama," alisema. "Huyu wako ana nini? Wenzake wote wametulia."